Taka za Vijijini: Halmashauri Zisikae Kando

Upo msemo unaopendwa na baadhi ya watumishi wa halmashauri zetu, kwamba chupa za plastiki zimetapakaa magulioni na mitaroni kwa sababu mwananchi wa kijijini hajaelimika. Msemo huu ni wa kivivu, tena ni wa dharau. Hatuna budi kuupinga.

Hebu tuulizane: ni nani aliyezoea kuona chupa ya soda ya kioo imetupwa ovyo kijijini? Hata mtoto mdogo anajua kwamba ina thamani, maana mwenye duka hamruhusu mtu kuondoka nayo mpaka aache chupa tupu au fedha ya rehani. Chupa ile hurudi kwenye kreti, na kreti hurudi kiwandani. Haikuhitajika semina wala posho. Chupa ya plastiki haina rehani wala njia ya kurudi, ndiyo maana huishia motoni na kuwavutisha watoto wetu moshi wa sumu. Kasoro, basi, haimo kichwani mwa mkulima. Imo katika utaratibu.

Na wenye wajibu wa kuweka utaratibu wanajulikana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezikabidhi serikali za mitaa usimamizi wa taka ngumu, pamoja na kuagiza zitenganishwe pale zinapozalishwa. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 imeipa Halmashauri ya Kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Sheria tunazo. Kinachokosekana ni utendaji.

Adui mkubwa wa kazi hii vijijini ni umbali. Gunia la chupa tupu ni kubwa kwa umbo lakini jepesi kwa mizani, na nauli ya kulifikisha mjini humeza bei yake yote. Katika pengo hilo ndimo anamojipenyeza mlanguzi wa vyuma chakavu. Huja na mizani yake mwenyewe, akachukua sufuria na jembe bovu kwa bei aitakayo, na chupa akatuachia. Mnyonge mmoja mmoja hana sauti mbele yake. Kijiji kizima kinayo.

Kwa hiyo, kwanza, kila kijiji kijenge banda la kukusanyia taka kavu kwa nguvu za wananchi, na Halmashauri ya Wilaya ilete mizani iliyokaguliwa. Taka zinazooza zisifike hapo. Hizo ni mboji, mahali pake ni shambani. Pili, Wilaya iunganishe vijiji jirani, ifunge mkataba na mnunuzi, na itangaze siku ya lori kila mwezi, ili mzigo ulingane na gharama ya safari. Tatu, asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo sheria inataka ikopeshwe bila riba kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ivifikie pia vikundi vitakavyoendesha mabanda hayo. Nne, ushuru wa gulio urudishe sehemu yake katika kulisafisha gulio lenyewe.

Watakuwapo watakaosema kwamba hakuna fedha. Tunawajibu kwa mifano miwili. Huko Japani, mji mdogo wa milimani uitwao Kamikatsu, wenye watu wasiofikia 2,000, ulikuwa ukichoma taka zake shimoni. Mwaka 2003 ulitangaza nia ya kutobakiza taka. Wakazi huzipeleka wenyewe kituoni, huzigawa katika makundi zaidi ya 40, na zaidi ya asilimia 80 zimepata kurejelezwa. Japani ni nchi tajiri, ni kweli. Lakini kutenganisha taka ni kazi ya mikono, si ya utajiri.

Mfano wa pili ni wetu wenyewe. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wananchi waliketi katika vikundi kusikiliza redio, kisha wakainuka kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Na mwaka 2019, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, waliitikia na vikapu vikarudi sokoni. Watu waliofanya hayo hawawezi kuitwa wazito wa kuelewa.

Mwananchi amekwisha kutimiza sehemu yake kila alipoonyeshwa njia. Sasa ni zamu ya Halmashauri kuonyesha njia hiyo. Kiongozi anayepita kando ya jalala linalowaka huku akimlaumu mkulima, ajiulize kwanza mizani iko wapi, na lori litakuja lini.