Mwarobaini Ukutani

Msomaji mpenzi, kabla hujaendelea, toka nje uutazame ukuta wa nyumba yako, hasa pale juu penye mlizamu. Ukiona mche wa mwarobaini umechomoza ufani, usiustahi kwa kuwa ni dawa.

Mti huu, ambao wengine wetu huuita mkilifi, asili yake ni Bara Hindi. Ndege na popo hula tunda lake, wakaiangusha mbegu popote. Nyumba zetu za kale, Lamu na Mombasa, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa ni laini, nao mzizi hupenya ukifuata unyevu, ukanenepa, ukayatenganisha mawe.

Hatari tuipime kwa unene wa shina. Mche mwembamba kama kalamu hung'oka kwa mkono, afadhali baada ya mvua. Uliofikia unene wa kifundo cha mkono, kuuvuta ni kuubomoa ukuta, na kuukata tu ni kazi bure, kwani kisiki huchipua tena. Hapo aitwe fundi aijuaye chokaa, afungue mawe, autoe mzizi, kisha ajenge upya. Mti wa uani, ulio mbali na msingi na birika, tuuache utupe kivuli.

Linalotutia hofu zaidi ni nyumba za urithi. Warithi ni wengi, kila mmoja amngoja mwenziwe atoe ujira wa fundi, na mzizi hauingoji mirathi igawanywe.