KATUNI NI ZA WATOTO? MUULIZENI BIBI YANGU WA MULEBA

Nilikuwa nyumbani Kagera, Bukoba kwanza halafu Muleba, na nimerudi na ndizi, kahawa ya kutafuna na hoja moja ambayo imenikaa kooni tangu Jumamosi ile.

Ilianzia kwa kinyozi, Bukoba mjini. Tuko watu wazima sita tunasubiri zamu, runinga ya ukutani inaonyesha katuni. Kijana mmoja mwenye shati la ofisini akaguna: "Kaka, hizi za watoto, tuwekee mpira bwana." Kinyozi akanyoosha mkono kuchukua rimoti. Jamani, watu watatu walipaza sauti kwa pamoja: "Subiri iishe kwanza!" Kisha wote watatu wakaona aibu. Mzee mmoja akajitetea kwamba yeye anasubiri tu taarifa ya habari. Saa nne asubuhi. Taarifa ya habari gani hiyo, mzee wangu?

Hiyo aibu ndiyo iliyonishika. Mtu anacheka mpaka machozi yanamtoka, halafu anakana kwamba alikuwa anaangalia!

Nadhani najua inatoka wapi. Zanzibar walikuwa na runinga tangu miaka ya 1970, lakini sisi wa Bara tulisubiri mpaka 1994 ndipo vituo binafsi kama ITV vikaanza. Maana yake wazazi wetu walikua bila katuni. Zilipofika ziliwakuta tayari ni watu wazima wenye watoto, wakazipokea kama walivyopokea nepi na maziwa ya kopo: kifaa cha kulelea. "Mwekee katuni anyamaze, nipike." Na sisi tumerithi hivyo hivyo, pamoja na digrii zetu.

Sasa sikilizeni. Tom na Jerry, paka na panya tunaowajua wote, hawakutengenezwa kwa ajili ya runinga ya watoto. Hanna na Barbera walianza kuwachora mwaka 1940 katika studio ya MGM, na filamu zile fupi zilionyeshwa kwenye majumba ya sinema kabla ya filamu kubwa, mbele ya watu wazima waliolipa kiingilio. Ile ambayo Tom anapiga piano ya Liszt kwenye ukumbi huku Jerry akimvuruga kutoka ndani ya kinanda ilipata Oscar. Runinga ilikuja kuwachukua baadaye, ndiyo ikawapeleka chumba cha watoto. Kwa hiyo anayesema "hizi za watoto" amekosea hata historia.

Lakini tuache Oscar, twendeni Muleba.

Mpwa wangu ana miaka minane. Amezaliwa Dar, Kihaya chake ni salamu na majina ya vyakula. Bibi yangu, yaani mama yake baba, Kiswahili chake ni cha sokoni na kanisani, akichoka anakiacha kabisa. Siku mbili za kwanza wale wawili walikuwa wanatazamana tu. Bibi anasema jambo, mtoto ananigeukia mimi. Mtoto anajibu, Bibi naye ananigeukia mimi. Nilichoka kuwa mkalimani ndani ya ukoo wangu mwenyewe.

Siku ya tatu mvua ikanyesha. Baba mdogo ana runinga ndogo inayotumia sola, nami nilikuwa na flashi. Nikaweka Tom na Jerry. Kama mnavyojua, mle hakuna maneno ya maana, kazi yote inafanywa na muziki na mwili. Dakika tano baadaye Bibi alikuwa ameegemea mbele anapiga kelele "Mawe!" kila paka anapogongwa. Akawa anamwambia mtoto: enjangu, embeba. Paka, panya. Mtoto akawa anarudia. Mimi sikuulizwa chochote, nikaenda zangu kumenya ndizi.

Baba mdogo alikuwa mlangoni, anajifanya anaangalia mvua. Mwishoni akatoa hukumu yake: "Huyu paka ni mgambo wa ushuru. Mwenye nyumba anamtisha na ufagio, na yeye hasira zake anazimalizia kwa mdogo." Nimesoma chuo miaka mitatu, sikuwahi kumwona Tom hivyo. Mtoto alikuwa anacheka paka kugongwa, Baba mdogo anacheka mgambo, Bibi sijui alikuwa anacheka nini, lakini walicheka mahali pamoja.

Na hili si geni kwetu. Mwaka 1980 mtafiti Mmarekani, Peter Seitel, alitoa kitabu cha hadithi za Wahaya alizozirekodi huku huku, kinaitwa See So That We May See. Jina hilo ni kiitikio cha wasikilizaji: msimulizi anasema alikuja akaona, wao wanamjibu aone ili nao waone. Wasikilizaji hao hawakuwa watoto peke yao. Jikoni kulikuwa na mjukuu, mama mkwe, na dada anayekaribia kuolewa, na hadithi moja ya mke na mume iliwapa kila mmoja kipande chake. Mtoto alichukua zimwi. Mama alichukua mengine ambayo hayakutajwa kwa sauti. Hakuna aliyewaambia watu wazima watoke nje kwa sababu "hizi za watoto".

Ndiyo maana nawapenda Ubongo wa Dar es Salaam. Ubongo Kids walianza kuonyeshwa TBC1 mwaka 2014, hesabu na sayansi kwa hadithi na nyimbo, kwa Kiswahili chetu. Mwaka 2016 wakaleta Akili and Me, ya wadogo zaidi, binti wa miaka minne anayeishi chini ya Kilimanjaro na kila akilala anaingia Lala Land. Niseme ukweli, hiyo ya Akili mimi dakika kumi zinanitosha, si ya rika langu. Ubongo Kids naimaliza.

Nasi Muleba tuliiweka. Siku hiyo ilikuwa hesabu, mtoto kaishika, kama kawaida yao wakapita wanaimba nyumba nzima. Jioni akamkuta Baba mdogo anaongea na mtu wa butura. Kwa wasiojua: butura ni kuuza kahawa ikiwa bado mtini, kwa bei ya chini, ukilipwa leo. Serikali inaipiga vita, wakulima wanaendelea nayo. Mgeni alipoondoka mtoto akauliza bei ya sasa, akauliza bei ya mavuno, akapiga hesabu kwa vidole. "Babu, sasa si umepoteza karibu nusu?"

Kimya.

"Hesabu yako ni sawa," Baba mdogo akamwambia. "Lakini ada ya shangazi yako haisubiri mavuno." Kisha akakaa naye kwenye benchi wakaanza kuhesabu upya, safari hii na ada ikiwemo. Sijui walifika wapi, walikaa muda mrefu. Ninachojua ni kwamba katuni ile Baba mdogo alikuwa ameiangalia yote, ndiyo maana alijua mtoto anatumia njia gani.

Lawama yangu haiko kwa watoto wala kwa wachoraji. Iko kwetu tunaowasha kisha tunaondoka, na kwa wanaotuletea vipindi vya Kiingereza mwanzo mwisho wakijua nyumba ina bibi. Hata Tinga Tinga Tales ya 2010, ambayo naipenda sana, imechorwa kwa mtindo wa Edward Saidi Tingatinga wetu wa Tunduru, ikatengenezwa Nairobi kwa ushirikiano na Waingereza, watoto wa Uingereza wakaiona kupitia BBC. Tembo, kobe, tumbili, rangi zile zile za Oysterbay. Nilimwekea Bibi. Alisifia rangi, halafu akauliza wanasema nini, na nikarudi kwenye kazi yangu ya ukalimani.

Hadithi alizorekodi Seitel zipo. Wachoraji wapo Dar na Nairobi. Nani atachora sungura wa Kihaya anayeongea Kiswahili, mwenye utani wa kumchekesha mtu wa miaka themanini?

Desemba narudi, senene zikiwa zimeshaanza kuanguka. Bibi ameagiza flashi nyingine, na amesisitiza iwe ya enjangu.