Ndai Ijiinue Yenyewe: Laare Inahitaji Hii Kitu Kuliko Wasee wa Rhino Charge

Tuanze na mvua. Kama umewahi kuwa Laare ikinyesha, unajua ule udongo mwekundu wa Nyambene si wa kucheza nao. Ukitoka tu kwa lami kushuka mashambani, Land Rover ya mzee inaweza kuzama mpaka difu iguse matope. Mbogi inatoka na jembe, mawe na ile jeki ya Tanganyika, ile ndefu ya mkono wa chuma. Unapiga mkono, gari inapanda kidogo, halafu jeki yenyewe inaanza kuzama. Kazi bure.

Na mzigo hauna subira. Miraa ikishakatwa na kufungwa na majani ya ndizi, iko na kama siku mbili hivi za kuwa fiti. Baada ya hapo bei inaanguka. Igembe inajua hasara: Uingereza ilifunga soko 2014, Somalia nayo ikafunga kuanzia Machi 2020 mpaka Julai 2022. Hizo ni siasa, fundi wa Laare hangefanya kitu. Lakini mzigo kukosa ndege ya Nairobi juu gari imekwama kwa matope karibu na nyumbani? Hiyo iko kwa mikono yetu.

Suluhisho si geni. Unafunga jeki ndani ya gari yenyewe, zikae hapo permanenti, na dereva abonyeze swichi. Kwa mbio za masaa 24 za Le Mans, magari yana jeki za hewa ndani: fundi anachomeka hosi moja na gari nzima inaruka juu. Hapa kwetu tuna Rhino Charge, ilianza 1989. Gari inatafuta vituo 13 kwa masaa 10, na anayeshinda ni aliyefika vyote kwa umbali mfupi. Pesa inaenda kwa Rhino Ark, walewale walijenga ua wa Aberdare ukaisha 2009, halafu wakaingia Mlima Kenya, so hata misitu ya Meru na Embu imefaidika. Poa sana. Lakini gari ya Rhino Charge inakwama wikendi moja kwa mwaka. Ya Laare inaweza kukwama kila msimu wa mvua, na huko nyuma kuna foleni ya gari zingine. Barabara ni nyembamba. Ya kwanza ikizama, wote mmezama.

Sasa hesabu, juu watu hudhani hii ni sayansi ya NASA. Land Rover 110 tupu ina kama tani 2. Silinda moja ya haidroliki yenye upana wa ndani wa milimita 50, ukiipa presha ya bar 100, inasukuma karibu tani 2 ikiwa peke yake. Na hauhitaji kuinua gari yote. Unainua kona moja, unajaza mawe chini ya tairi, unashusha, unaenda. Ikinyooka sentimita 60, silinda inakunywa mafuta kama lita 1.2 tu. Fundi ambaye amefungua tipa ama trakta ashaona kila kitu hapa: silinda, pampu, hosi, sili.

Penye wengi watachoma ni pahali pawili. Kwanza ni kiatu, lile bamba la chini. Bamba la sentimita 10 kwa 10 likibeba tani 1, kila sentimita mraba ya matope inabeba kilo 10. Lifanye 30 kwa 30, inakuwa kilo 1.1 tu. Mara 9 chini. Jeki ya nguvu yenye kiatu kidogo ni msumari wa kujipigilia ardhini.

Ya pili ni stima. Pampu ya volti 12 ya kilowati 1.6 inavuta zaidi ya ampea 130. Ukitumia nyaya za redio, utaunguza gari ya wenyewe. Nyaya nene, fyuzi karibu na betri, na injini ikiwa inanguruma.

Haya, sasa ile sehemu ngumu. Hii kitu inaweza kuua. Hosi ikipasuka gari ikiwa juu, mafuta yanatoka kwa sekunde na chuma inashuka. Kama kuna kijana chini anaweka mawe, story imeisha. Dawa ni valvu ndogo ya kufunga, inaskruiwa kwa silinda yenyewe, si huko mwisho wa hosi. Hosi ikienda, silinda inabaki imeshikilia. Fundi akikuambia hiyo ni gharama ya bure, chukua funguo zako uende. Na hata ukiwa nayo, hakuna kuingia chini bila magogo ama stendi. Kwa mteremko, silinda ikisukumwa kando inapinda, so chokisha tairi kwanza. Na usitafute uvujaji na kidole. Mafuta ya presha yanaingia kwa ngozi kama sindano, mtu anaweza kukatwa mkono. Tumia kadibodi.

Hapa ndio serikali inaingia. Gari za biashara tayari zinafaa kukaguliwa kila mwaka, na 2025 NTSA ilileta mapendekezo kwamba hata gari za kibinafsi zikipita miaka 4 zikaguliwe. Hebu fikiria Land Rover ya miaka ya sabini, na miguu minne ya chuma imechomelewa kwa chesisi. Mkaguzi atauliza nani alijenga na alipima vipi. Ukijibu "kuna msee hivi hapo stendi," umeisha.

Mimi chuo nilikiacha, so sitakuambia karatasi ndio akili. Lakini NITA iko na mitihani ya gredi, kuanzia ya 3 mpaka ya 1, na imewekewa hata watu waliojifunza mtaani. Fundi wa weldi mwenye gredi, akiandika kazi yake chini, akiinua mzigo mzito kuliko gari na kuuacha juu usiku mzima bila kushuka, ana kitu cha kuonyesha. Bila hivyo, mwenye atauza hii kazi ni karakana ya Nairobi, na Laare italipa bei ya Rhino Charge kwa kitu ingejijengea.

Na hauhitaji kila gari iwe nayo. Wafanyabiashara kumi wakichanga kwa gari moja inayotangulia kwa msururu, tosha. Mvua haitangoji sheria. Lakini kijana wa kuweka mawe chini ya tairi naye ana mamake. Anzeni na ile valvu.