Soka au fomu foo? Hesabu ngumu ya vijana wa Bulyanhulu

JUNI ni mwezi wa UMISSETA. Novemba ni mtihani wa kidato cha nne. Katikati hapo, kwa kawaida Agosti, Ligi Kuu inaanza na klabu zinasaka vijana. Kwa mwanafunzi mwenye mguu mzuri pale Bugarama, jirani na mgodi wa Bulyanhulu, miezi hiyo sita inaamua mengi.

Akichagua mpira, si ajabu. Msimu wa 2021/22 George Mpole wa Geita Gold alifunga mabao 17, akambwaga Fiston Mayele wa Yanga aliyeishia 16. Timu ikamaliza ya nne na kukata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Nani atakaa darasani na logarithimu wakati jirani zake wanapanda ndege?

Ila tazama kilichofuata. Geita Gold ilishuka daraja 2024. Mwadui ya Kishapu ilishuka 2021. Stand United, Chama la Wana, iliyowahi kudhaminiwa na Acacia waliokuwa wakimiliki mgodi wa Bulyanhulu, ilishuka 2019. Timu tatu za ukanda wa dhahabu na almasi, miaka mitano tu. Timu ikishuka, fedha zinakata, na kinda aliyeacha shule anajikuta kwenye maduara ya wachimbaji wadogo. Mgodi mkubwa nao hauajiri mtu kwa chenga zake. Unataka cheti.

Tatizo si mpira, ni ratiba. UMISSETA ina ngazi ya wilaya, mkoa, kisha taifa, na anayefika mwisho anakaa kambini siku nyingi zaidi. Marekani, NCAA inayosimamia michezo ya vyuo imeweka ukomo wa saa 20 kwa wiki za mazoezi na mechi wakati wa msimu. (Safari hazihesabiwi, kwa hiyo hata wao wanadanganyana kidogo.)

Karibu zaidi kuna Alliance ya Mwanza, ambako shule na kituo cha soka vinakwenda pamoja. Timu yao ilipanda Ligi Kuu 2018, ikashuka 2020, lakini mwanafunzi hakupoteza dawati kwa sababu ya msimamo wa ligi. Kelvin John naye, baada ya Afcon ya vijana U-17 ya 2019 hapa nchini, hakukimbilia klabu kubwa. Alikwenda Brooke House, chuo cha England kinachochanganya masomo na soka, na 2021 akasaini Genk ya Ubelgiji.

Si kila mtoto wa Msalala atapata England, hilo linajulikana. Lakini klabu inayomsajili mwanafunzi wa fomu foo Agosti inaweza kuandika kwenye mkataba kwamba Novemba anarudi kufanya mtihani. Ni wiki chache bila winga ambaye, mara nyingi, bado anakaa benchi.