Kobe, Konokono na Kosa la Mtoto

Baadhi ya wanachuo huuliza, kila kipindi cha saikolojia kinapoanza, somo hili lamfaa nini mtu atakayefundisha hisabati. Swali hilohilo, kwa sura nyingine, twalisikia kwa wale wanaodai kuwa akili mnemba ni shughuli ya mafundi wa kompyuta peke yao. Twaona kwamba pande zote mbili zimekosea, na kosa lao ni moja.

Seymour Papert alizaliwa Pretoria, Afrika Kusini, mwaka 1928, akasomea hisabati. Kuanzia 1958 hadi 1963 alifanya kazi Geneva pamoja na Jean Piaget, ambaye jina lake kila mwanachuo hulinakili daftarini bila kujua kwamba alianza kwa kuchunguza konokono. Piaget alipokuwa Paris akiwapima watoto kwa majaribio ya akili, hakuvutwa na majibu sahihi. Alivutwa na yale ya makosa, kwa kuwa watoto wa umri mmoja walikosea kwa namna moja. Papert alikwenda na wazo hilo Marekani, katika chuo cha MIT, alikotafiti akili mnemba pamoja na Marvin Minsky. Mwaka 1967 yeye na wenzake, miongoni mwao Wallace Feurzeig na Cynthia Solomon, walibuni Logo, lugha ya kompyuta kwa watoto. Baadaye akaongezwa kobe.

Kobe huyo huchora mstari akiamriwa: mbele hatua 100, kulia digrii 90. Mtoto atakaye kuchora pembetatu yenye pande sawa mara nyingi humwamuru ageuke digrii 60, kwani ndivyo alivyofundishwa kuhusu pembe zake. Mchoro haufungi, yatokea nusu ya umbo la pande sita. Wengi wetu tungeandika kosa kwa wino mwekundu na kuendelea. Kwa njia ya Papert, mtoto huambiwa asimame, atembee mwenyewe njia ya kobe. Afikapo konani huona kwamba mwili wake hauna budi kugeuka digrii 120, kwa maana anageuka kwa upande wa nje wa pembe. Zoezi hili lawezekana uwanjani, kwa chaki au kijiti, pasipo kompyuta wala umeme.

Je, huo ni ugunduzi wa hisabati au wa saikolojia? Hatuoni haja ya kuugawa.

Wako watakaotukumbusha kwamba mshika mbili moja humponyoka. Tungewajibu kwamba Papert alikuwa na shahada mbili za udaktari, zote za hisabati. Hakuingia kwa Piaget kwa sababu ya kushindwa kwake. Geoffrey Hinton naye, aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2024 kwa kazi ya mitandao ya neva, shahada yake ya kwanza ilikuwa ya saikolojia.

Siku hizi zipo programu za kusahihisha kazi za watoto. Itakayoundwa na mafundi peke yao yaweza kuhesabu ile 60 kuwa sifuri, kwa haraka kuliko sisi. Mwenye kujua kwa nini mtoto aliandika 60 ni mwalimu aliyekaa naye darasani, na twadai aitwe mezani kabla programu haijaandikwa, si baada ya kuletwa shuleni ikiwa ndani ya kasha.