Hekta Zinapimwa, Maji Je?

Msituambie tena kwamba ardhi ya Magarini, kaunti ya Kilifi, imelala bure. Ndivyo tulivyoambiwa kuhusu msitu wa Dakatcha, humo humo Magarini, kampuni ya Kenya Jatropha Energy, ambayo wenyewe wako Milan, ilipotaka hekta 50,000 za kupanda mbono ili magari ya Ulaya yapate mafuta. Imelala bure vipi, na Mgiriama analima mananasi humo? Mbuzi wake walishe wapi, baharini?

Mwaka 2012 NEMA, mamlaka ya mazingira, iliukataa mradi. Huko Ulaya, baadhi ya walioupinga walikuwa wakimtetea kwera wa Clarke, ndege asiyepatikana popote duniani ila Kilifi. Haya, tunamshukuru ndege. Lakini ugomvi wangu mkubwa hauko Milan. Ardhi ile ilikuwa ya udhamini, mikononi mwa baraza la Malindi la enzi hizo, na lililopewa kutunza ndilo lililomfungulia mgeni mlango.

Tena tukibishana, tunabishania hekta tu. Nyika hii mvua yake ni ya kubahatisha. Shamba kubwa hapa ni mrija uliotiwa ndani ya mto Sabaki. Huko Galana-Kulalu, juu mtoni, serikali iliota ekari milioni moja, ikaanza na shamba la mfano la ekari 10,000, ikaipa kazi kampuni ya Israeli, Green Arava, kwa mabilioni ya shilingi. Kampuni ikaondoka kazi haijaisha. Mto ule ule, ukishuka, ndio unaolisha visima vya Baricho, na Baricho ndiyo inayonywesha Malindi, Kilifi na Mombasa. Mama wa Kisauni, Mombasa, anayenunua mtungi kwa mkokoteni, nani alimuuliza?

Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka thuluthi mbili za mkutano wa jamii zikubali kabla mwekezaji hajapewa ardhi. Ila jamii isiyosajiliwa haina mkutano wa kisheria, na ardhi yake imebaki kwa serikali ya kaunti, kwa udhamini. Udhamini tunaujua!

Basi watu wa Marafa, Adu na Bungale, jisajilini. Na mwekezaji akija na makaratasi yake, kabla ya soda na hotuba, aulizwe: Februari, Sabaki umekonda, utavuta lita ngapi kwa siku, na Baricho ibakiwe na ngapi? Akianza kusimulia ajira na zahanati, mkutano uvunjwe, watu warudi mashambani.