Hiyo taa ya trela hamkuitengeneza, mliizima tu

Leo sina simu mpya ya kuwaonyesha wala chaja feki ya kupasua. Leo ni taa. Ile taa ndogo ya manjano kwa dashibodi ya lori, yenye picha ya trela na herufi ABS. Kama umewahi kupewa lifti na dereva wa masafa marefu, umeiona. Ama hukuiona kwa sababu kuna mtu aliifunika, na hiyo ndiyo stori yenyewe.

Mimi nimekulia Malaba. Wale wa Busia, kule Korinda na Burumba, mnajua ninachosema: sisi tulijua malori kabla ya kujua kusoma. Foleni ndiyo ilikuwa soko letu, tukiuza mayai, njugu na maji. 2020 wakati wa korona, halafu tena Januari 2022 wakati wa ile vuta nikuvute ya ada ya kupimwa, foleni ilienda makumi ya kilomita na madereva wakaishi hapa mpaka tukawajua kwa majina. Lakini miaka hiyo yote sikujua kwamba chini ya trela kuna kompyuta.

Iko. Ni boksi jeusi limefungwa kwa fremu, karibu na ekseli. Kwenye magurudumu kuna pete ya meno, na kando yake sensa inayohesabu hayo meno yakipita. Dereva akikanyaga breki na tairi likataka kukwama, boksi linaona meno yanasimama ghafla, linaachilia upepo kidogo, linarudisha, linaachilia tena, mara kadhaa kwa sekunde moja. Hivyo ndivyo trela linabaki nyuma ya kichwa. Bila hiyo, barabara ikiwa na maji, mkia unaweza kuja mbele. Sheria ya uzani ya Afrika Mashariki inaruhusu mpaka tani 56 kwa lori la ekseli saba. Fikiria tani 56 zikikata kona kabla ya dereva kuamua.

Matrela mapya zaidi yana EBS, na hapo boksi linajua pia kama trela ni tupu ama limejaa, kisha linapima nguvu ya breki kulingana na mzigo. Stima ikikatika breki hazipotei, upepo bado unafika. Ila akili imetoka. Breki inakamata trela tupu kama vile limebeba saruji.

Sasa, boksi likiona shida linawasha taa, na ndani yake linaandika namba ya hitilafu: ni gurudumu gani, upande gani, waya umekatika ama sensa imesogea mbali na meno. Ukiipata hiyo namba, mara nyingi kazi yenyewe ni ndogo mpaka unacheka. Plagi imeingia maji. Waya umesuguliwa na fremu. Mtu alibadilisha beringi na hakurudisha sensa vizuri. Unasafisha, unasukuma sensa mpaka iguse pete, unawasha tena. Shida ni kuipata hiyo namba.

Mwaka jana mjomba wangu, ndugu ya mamangu, alifika hapa kutoka Mombasa akienda Kampala na hiyo taa ikiwa imewaka tangu Salgaa. Nikampeleka kwa fundi mmoja, kijana wa umri wangu. Huyu jamaa alianza na kuflashi simu, akahamia redio za magari, sasa anashika malori. Ana laptopu yenye skrini iliyopasuka pembeni, kebo aliyoagiza mtandaoni, na programu aliyoipata kwa kikundi cha Telegram. Ndiyo, ile iliyovunjwa. Mimi nikatoa simu nikaanza kurekodi, kwa sababu kazi yangu ni hiyo.

Akaunganisha. Dakika mbili, namba ikatokea: sensa ya ekseli ya tatu, kushoto. Akaingia chini, akatoka na tope mpaka kwa nyusi, taa ikazima. Mjomba akacheka, akamwambia taniboi alale kidogo, wataondoka wakishapata karatasi zao.

Hapo ndipo tungefunga laptopu. Lakini programu ilikuwa inaonyesha kitu kingine. Trela lilitoka Ulaya likiwa limetumika, na vipimo vilivyoandikwa ndani vilikuwa vya tairi za kule, si hizi zilizovalishwa Mombasa. Kulikuwa na kitufe cha kuapdeti. Fundi akakiangalia, akasema, "Kusoma naweza. Kuandika sijawahi."

Na mimi, wadau, mimi ndiye niliyesema, "Wewe si fundi? Bonyeza bana, hii itakuwa kontenti moto."

Akabonyeza. Ikaanza kupanda, asilimia ishirini, arobaini. Kwa asilimia sitini na kitu taniboi akaamka, akaona presha ya upepo imeshuka, akapiga stata ili injini ijaze matangi. Hakukosea, hiyo ni kazi yake na hakuna mtu alikuwa amemwambia asiguse. Injini ya lori ikipigwa stata, umeme wa betri unashuka ghafla. Kama umewahi kuona simu ikifa katikati ya kuflashiwa, unajua kilichofuata. Boksi likanyamaza. Taa ikawaka na haikuzima tena, na laptopu ikawa haioni kitu.

Mjomba hakupiga kelele. Alisema tu, "Kijana, mzigo huu una siku."

Tukapiga simu Nairobi kwa watu wenye vifaa halali. Walituambia trela lipelekwe kwao, ama fundi wao atumwe kwa gharama yetu, na boksi jipya lilipwe kando. Tulingoje siku nne na jibu lilikuwa bado ni kesho. Mwishowe mwenye lori akasema kwa simu, kwa sauti ya mtu anayeagiza chai: funikeni hiyo taa, avuke. Fundi akakata kipande cha gundi nyeusi, akabandika. Mjomba akavuka saa nane mchana. Jioni ikanyesha mvua ambayo kila mtu wa huku anaijua, ile inayokuja imesimama. Zaidi ya kilomita 200 mpaka Kampala, Tororo, Iganga, Jinja, halafu msitu wa Mabira, na mimi nimelala macho nikiangalia simu mpaka ikaingia meseji yake: "Nimefika."

Hiyo video ninayo. Sijawahi kuiweka.

Sasa maoni yangu. Watu wakiona taa imefunikwa wanasema mafundi wa jua kali ni wajinga, madereva hawajali. Mimi nasema gundi nyeusi inabandikwa kwa sababu kuisoma taa ni ghali kuliko kuifunika. Basi. Mwenye gari akiambiwa kuijua shida ni siku nne, na kuificha ni shilingi hamsini, unadhani atachagua nini na mzigo una tarehe? Mfumo uliowekwa kuokoa watu ukifungwa kwa kufuli, unaishia kuwa mfumo ambao haupo. Na hapo dereva amezoea kuendesha akiwa na taa iliyokufa, hata siku itakapotaka kumwambia jambo la maana.

Na msiniambie haiwezekani kufunguliwa. Mifumo mingi ya zamani ya ABS ilikuwa inakonyeza taa: unafuata utaratibu wa swichi, taa inakonyeza mara kadhaa, unahesabu, unaangalia kwa kitabu. Hakuna laptopu. Kontena za firiji zinazopita hapa mpaka leo zinaonyesha namba ya alamu kwa skrini yao wenyewe, dereva anaipiga picha anatuma WhatsApp. Huko Massachusetts, Marekani, wapiga kura waliamua 2012 kwamba fundi yeyote awe na haki ya kupata habari za kutengeneza gari. Ulaya nao wana sheria ya 2018, ikaanza kutumika Septemba 2020, inayowataka watengenezaji wa magari, malori na matrela yakiwemo, wawape mafundi huru habari za ukarabati kwa bei ya haki. Shikilia hapo kidogo. Boksi lilelile, likiwa Rotterdam, fundi wa kando ya barabara ana haki ya kuuliza lina shida gani. Likipandishwa meli, likifika Malaba, haki imebaki bandarini.

Kuna kitu kingine kinanichekesha kwa uchungu. Trela hilohilo la mjomba lilikuwa na sili ya kielektroniki mlangoni. Tangu 2017 Kenya, Uganda na Rwanda zinatumia mfumo mmoja wa kufuatilia mizigo inayopita. Hiyo sili ina GPS na laini ya simu. Mlango ukifunguliwa njiani, lori likiacha njia iliyopangwa, alamu inalia kwa chumba cha watu wa kodi na wanatumwa watu. Mimi naunga mkono, wizi wa mizigo ulikuwa umezidi. Lakini angalia vile tulivyopanga mambo: kuna ofisi inajua sekunde ileile mlango wa trela ukifunguliwa Burnt Forest, na hakuna mtu hata mmoja anayejua breki za hilo trela zimepoteza akili. Kodi ina macho. Wewe unayevuka barabara na sare za shule huna.

Juni 2023, pale Londiani, lori liliacha barabara likaingia kwa watu waliokuwa kando, wakafa zaidi ya 50. Sisemi ilikuwa ABS, hilo si langu kusema. Nasema kila mtu hapa anajua lori zito likikosa utii linafanya nini, na bado tunabandika gundi.

Najua mtakuja kwa komenti: "Na si wewe mwenyewe na fundi wako mliua boksi? Ukifungua hizi programu, kila mtu ataharibu." Sawa. Hilo ni swali la haki na nimekaa nalo mwaka mzima. Jibu langu ni kwamba kuna kusoma na kuna kuandika. Kusoma namba ya hitilafu hakujawahi kuua trela. Hiyo iwe wazi kwa kila mtu mwenye kebo, dereva, fundi, hata taniboi, na vitabu vya namba viwe bure. Kuandika, yaani kubadilisha vipimo na kuapdeti programu, kuwe na mtihani na namba ya siri, kama vile kampuni nyingi tayari zinavyofanya. Sina shida na kufuli hapo. Shida yangu ni kwamba mtihani haufiki huku. Malori mengi ya Uganda, Rwanda na Kongo yanapita mlango wetu, lakini nikitafuta kozi ya breki za kielektroniki naambiwa niende Nairobi. NITA wanawatahini mafundi wa magari kila mwaka, na wengi wamefaulu wakiwa wamejifunzia kazini tu. Basi ongezeni trela kwa huo mtihani, uletwe Amagoro ama Busia mjini, na msee aliyejifunzia kwa Telegram akae kwa dawati apewe karatasi.

Maana fundi wangu angekuwa amesoma, angejua vitu vitatu ambavyo sasa anavijua kwa hasara. Unachaji betri kwanza. Unatoa ufunguo na kumkabidhi mwenye laptopu. Unahifadhi vipimo vya zamani kabla hujagusa kipya. Haya yote yanaingia kwa ukurasa mmoja, na wenye kozi wanayajua, ila ukurasa wenyewe uko nyuma ya malipo.

Sisi watu wa mpaka si wageni wa kubuni. Bodaboda ilizaliwa hapa Busia, baiskeli za kubeba watu na mizigo kati ya boda na boda, na leo Afrika Mashariki nzima inapanda. Hakuna aliyengoja kozi. Lakini baiskeli ilikuwa wazi, ukiangalia mnyororo unaona shida iko wapi. Boksi jeusi haliko hivyo, na ujanja wetu ukikutana na kitu kilichofungwa unageuka kuwa gundi nyeusi.

Fundi bado yuko palepale. Boksi alilipa nusu, mimi nikalipa robo kwa pesa ya matangazo, mjomba robo, na mwenye lori hakulipa kitu. Sasa ana daftari la kurasa mia mbili. Kila namba anayosoma anaiandika: aina ya trela, ekseli, upande, ilikuwa nini mwishowe. Amefika ukurasa wa thelathini na saba, na karibu nusu ni plagi zilizoingia maji. Mafundi wawili wa Busia wanamtumia za kwao. Mimi nazipiga picha na kuzipanga kwa simu, bila namba za magari wala majina ya wenye mali. Kama una trela la nyumbani, ama baba ni dereva, ama una kitabu cha zamani cha ABS kinachokula vumbi, nitumie picha ya ukurasa wa namba za taa.

Mjomba anapakia Mombasa kesho. Amenipigia jioni hii kuuliza kama ile sensa ya ekseli ya pili, upande wa kulia, imefika. Imefika. Iko hapa kwa begi langu, pamoja na kitambaa cha kukausha plagi.